Kipimo cha kansa kinapokutana na mimba

Tuseme ni Jumamosi jioni nawe umeketi na jamaa zako nyumbani mtaani Umoja, Nairobi, mkingojea chakula. Simu inalia. Ni shemeji yako wa Rongo, katika Kaunti ya Migori, na sauti yake si ile uliyoizoea. Mkewe, ambaye ni dada yako, amekuwa akilalamikia maumivu chini ya kitovu kwa majuma mawili. Wamekwenda katika maabara moja ya mjini, akatolewa damu, wakalipa, na sasa wameshika karatasi. Karatasi inasema CA-125 ni 78. Kando yake pameandikwa kwamba kiwango cha kawaida ni chini ya 35. Aliyewapa karatasi hiyo amewanong'onezea, "Hiki ni kipimo cha kansa ya ovari."

Kabla ugali haujasongwa, kundi la WhatsApp la ukoo limeshafunguliwa, mweka hazina amechaguliwa, na mjomba wa Homa Bay ameahidi kuuza ng'ombe mmoja. Mama mzazi analia. Wewe mwenyewe unapiga hesabu ya akiba yako ya chama. Lakini hakuna hata mmoja, si kule maabara wala si katika kundi la ukoo, aliyeuliza swali ambalo halina gharama yoyote: je, huyu mama ana mimba?

Naam, anayo. Ni mimba ya majuma 10, na hakuwa amemwambia mtu isipokuwa mumewe, kwa maana katika nyumba nyingi mimba changa haitangazwi.

Mfano huu nimeutunga ili tuelewane, lakini jambo lenyewe si la kutunga. Mimba hubadilisha majibu ya baadhi ya vipimo vya damu vinavyoitwa viashiria vya saratani. Asiyejua hilo anaweza kufanya mojawapo ya makosa mawili: kuona kansa mahali palipo na mtoto, au kuona mtoto mahali palipo na kansa. Leo tuyatazame makosa yote mawili, kwa kuwa lile la pili ndilo linaloua.

Viashiria ni nini?

Viashiria vya saratani ni kemikali ambazo baadhi ya uvimbe wa kansa humwaga katika damu. Daktari akizipima huweza kukisia kama ugonjwa upo, na hasa kama dawa anazotoa zinafanya kazi. Neno la kushika hapo ni "kukisia". Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini muulize mvuvi yeyote wa Mbita au Kendu Bay, naye atakuambia kwamba si kila wingu linalopita juu ya ziwa huleta mvua. Ndivyo ilivyo kwa viashiria. Vingi kati yake hutengenezwa pia na mwili wenye afya, tena kwa wingi mno wakati wa ujauzito.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria kondo la nyuma linavyofanya kazi. Seli zake huzaana upesi, hujichimbia katika ukuta wa mfuko wa uzazi, na kujivutia mishipa ya damu ili zipate chakula. Kansa nayo hufanya mambo hayo hayo. Tofauti ni kwamba kondo hujua mpaka wake na siku yake ya kutoka, ilhali kansa haijui mpaka. Kwa hivyo si ajabu kemikali za mmoja kufanana na za mwingine.

Kiashiria kwa kiashiria

Tuanze na CA-125, iliyomtoa machozi mama yako. Kipimo hiki kilianza kutumika miaka ya 1980 kufuatilia wagonjwa wa kansa ya ovari. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba CA-125 huweza kupanda kupita 35, ikashuka baadaye, kisha ikapanda tena kwa muda mfupi mara baada ya kujifungua. Hata mwanamke asiye na mimba huweza kupandishiwa kipimo hiki na hedhi, na uvimbe wa kizazi usio wa kansa, au na maambukizi ya nyonga. Isitoshe, kifua kikuu kinapoingia tumboni hujaza maji na kupandisha CA-125 mpaka mamia, hata mgonjwa akadhaniwa ana kansa iliyosambaa. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako kifua kikuu na virusi vya Ukimwi vimewasumbua watu kwa miaka mingi, jambo hilo linafaa kukumbukwa na kila mtu anayeshika karatasi ya namna hii.

Cha pili ni AFP. Hii ni protini inayotengenezwa na ini la mtoto akiwa tumboni. Katika miaka ya 1963 na 1964 wataalamu wa Urusi waligundua kwamba ini la mtu mzima lililoingiwa na kansa huirudia kazi hiyo ya utotoni. Kwa sababu hiyo daktari huagiza AFP anaposhuku kansa ya ini, ugonjwa unaoletwa hapa kwetu na homa ya ini ya aina ya B na pia sumu ya kuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Mtu mzima asiye na mimba huwa na AFP isiyozidi 10 hivi. Mja mzito naye, kadiri mtoto anavyokua, huonyesha makumi, kisha mamia, hasa majuma ya 28 hadi 32. Mtoto mchanga pia huzaliwa na AFP ya juu sana, ikashuka polepole katika mwaka wake wa kwanza. Mama mwenye mapacha hupanda zaidi. Vilevile mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo huipandisha, ndiyo maana madaktari wa uzazi huitumia kwa shughuli hiyo nyingine kabisa.

Cha tatu ni ALP, ambayo hupimwa pale inaposhukiwa kwamba kansa imefika kwenye ini au mifupa. Kondo hutengeneza ALP yake, na katika miezi ya mwisho ya mimba kipimo huweza kufika mara mbili ya kawaida au zaidi bila ugonjwa wowote. CA 15-3, inayotumiwa kufuatilia kansa ya matiti, nayo huweza kupanda kidogo. CEA, kwa upande mwingine, kwa kawaida haisumbuliwi sana na mimba.

Mfalme wa wote

Kiashiria cha nne ndicho mfalme wao: hCG, homoni ya mimba yenyewe. Ndiyo inayotafutwa na kile kijiti cha kupimia mkojo kinachouzwa katika kila duka la dawa kuanzia Isebania hadi Oyugis. Kwa mwanamke asiye na mimba hCG huwa chini ya 5. Mimba ikitunga, katika majuma ya mwanzo huongezeka maradufu kila siku mbili au tatu hivi, na kufikia majuma ya 8 hadi 11 huweza kupita 100,000. Baadaye hushuka na kutulia. Mama akijifungua, hCG huisha katika majuma machache.

Wanafunzi wanaotusoma wafurahie kisa hiki. Kabla ya vijiti hivyo kuvumbuliwa, hospitali nyingi duniani zilipima mimba kwa kutumia chura wa Afrika Kusini. Lancelot Hogben, Mwingereza aliyefunza Chuo Kikuu cha Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1920, ndiye aliyefungua njia hiyo. Chura jike alidungwa mkojo wa mwanamke, na ikiwa mkojo huo una homoni ya mimba, alitaga mayai kabla ya siku kwisha. Lakini chura yule hakuweza kujua kama homoni imetoka kwa mtoto au kwa uvimbe. Kijiti cha leo nacho hakijui. Hata mwanamume mwenye kansa fulani za korodani huweza kupimwa kwa kijiti hicho kikaonyesha kwamba "ana mimba". Si mzaha, ni ugonjwa wa kukimbilia hospitali.

Kosa linaloua

Hapo ndipo tunapofika kwenye kosa la pili. Iko mimba ambayo si mtoto. Waswahili huiita mimba zabibu, kwa sababu kondo huvimba likawa vijifuko vya maji vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Kwa kawaida mtoto hayupo, ama yupo asiyeweza kuishi. Dalili za ujauzito zote zipo, tena kwa ukali: kutapika kupita kiasi, tumbo kubwa kuliko miezi yake, damu kutoka, na pengine shinikizo la damu kupanda mapema kabla ya mwezi wa tano. hCG huwa juu mno. Wakati mwingine huwa juu kiasi cha kukilemea kijiti, kikaonyesha kwamba hakuna mimba ilhali tumbo linaonekana.

Mimba hii huwapata zaidi wasichana wadogo na akina mama waliopita miaka 40. Sasa tazama hesabu za kwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Homa Bay na vilevile Migori, wasichana 23 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Kwa nchi nzima walikuwa 15. Penye wasichana wengi wajawazito, pana haja kubwa zaidi ya kuijua mimba zabibu.

Msichana wa namna hii akianza kutoka damu, mara nyingi huficha. Akipelekwa hospitali akasafishwa, jamaa hushukuru Mungu na kuona mambo yamekwisha. Wengine watanong'ona kuhusu chira au kijicho cha jirani. Lakini katika kila wanawake 100 waliopata mimba zabibu kamili, 15 hadi 20 hubakiwa na seli zinazoendelea kukua, na chache kati ya hizo huwa kansa kali ya kondo. Kansa hiyo huweza pia kumpata mwanamke baada ya mimba kuharibika au hata baada ya kujifungua salama.

Njia ya kuijua ni kupima hCG ya damu tena na tena, kila juma moja au mawili mpaka ifike chini ya 5, kisha kila mwezi kwa muda atakaoagiza daktari, ambao kwa mimba zabibu kamili aghalabu ni miezi 6. Kijiti cha mkojo hakitoshi kwa kazi hii. Chenyewe husema ndiyo au la tu, hakikuambii kama homoni imeshuka kutoka 5,000 hadi 500 au imepanda.

Na hapa ndipo kipimo na mimba vinapogongana hasa. Mama akishika mimba nyingine kabla ya muda huo kwisha, hCG itapanda, na daktari hataweza kujua ni mtoto mpya au ni ugonjwa uliorudi. Ndiyo sababu anaambiwa atumie njia ya kupanga uzazi kwa miezi hiyo. Mume anayesikia shauri hilo akadhani mkewe ananyimwa watoto, aelezwe vizuri. Ni kungoja kidogo ili apate mke na watoto pia. Wengi waliopona huzaa baadaye bila shida.

Ziko dalili za kushtua. Damu inayoendelea kutoka zaidi ya majuma 6 baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika si ya kupuuzwa. Aidha, kansa hii hupenda kukimbilia mapafuni, ikaleta kikohozi na kutema damu. Katika sehemu zetu, anayekohoa damu hushukiwa kifua kikuu mara moja, na ni haki kumpima. Lakini ikiwa ni mwanamke aliyejifungua au aliyeharibikiwa na mimba katika miezi iliyopita, na makohozi hayakuonyesha kifua kikuu, mwombeni daktari apime hCG. Kipimo kimoja huweza kuokoa maisha.

Mtu aliyefuata namba mpaka mwisho

Tusikate tamaa, maana hii ni mojawapo ya kansa zinazotibika vyema kuliko zote. Mwaka 1956 huko Bethesda, Marekani, madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz walianza kuwatibu wanawake wenye kansa ya kondo kwa dawa iitwayo methotreksati. Uvimbe ulipotoweka katika picha za mapafu, wengi waliona kazi imekwisha. Li alitazama hCG, akaona bado ipo. Akasisitiza kwamba ikiwa homoni ipo ugonjwa upo, akaendelea kutoa dawa mpaka homoni iishe. Wakubwa wake waliona anawapa wagonjwa sumu bila sababu, na mwaka 1957 akapoteza kazi yake pale. Baadaye ilibainika kwamba waliotibiwa kwa njia yake walipona moja kwa moja. Mwaka 1972 Li na Hertz walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker. Katika orodha hiyo hiyo alikuwamo Denis Burkitt, aliyetumikia Mulago, Uganda, na kuueleza ulimwengu uvimbe wa taya wa watoto wetu.

Leo dawa hiyo hiyo inatumika hapa kwetu, na mgonjwa anayewahi mapema karibu kila mara hupona. Anayeonekana Migori au Homa Bay huweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga huko Kisumu au Hospitali ya Moi huko Eldoret. Kinachowapoteza wengi ni nauli, safari za mara kwa mara, na kujiona wamepona. Jamaa wa mjini anayetaka kusaidia, basi, atume nauli ya kipimo cha mwezi wa nne na wa tano, wakati kila mtu ameshasahau.

Ufanye nini?

Kwanza, mwambie daktari na mtu wa maabara kama una mimba, kama unashuku unayo, kama umejifungua au kuharibikiwa na mimba karibuni. Usione haya. Asipokuuliza, jitangulize. Mwombe aandike majuma ya mimba katika karatasi ya kipimo, nawe ukitunze pamoja na kile kitabu cha mama na mtoto unachopewa kliniki.

Pili, usinunue viashiria vya saratani kama unavyonunua nyanya sokoni. Viashiria havikutengenezwa kwa ajili ya mtu mzima wa afya anayetaka tu kujua. Kansa inayofaa kutafutwa kabla ya dalili ni kama ile ya mlango wa kizazi, nayo haitafutwi kwa kiashiria cha damu bali kwa kuchunguza mlango wenyewe au kupima virusi vya HPV. Wanawake wa Migori wanalijua hilo. Mwaka 2016 watafiti waliwafikia vijijini kwao, wengi wakajichukulia sampuli wenyewe bila taabu.

Tatu, namba moja haitoshi. Daktari mwenye busara hurudia kipimo, hutazama altrasaundi, na penye shaka hukata kinyama kidogo cha uvimbe kikachunguzwe. Mambo hayo yote huweza kufanywa mama akiwa mjamzito.

Nne, usiigeuze mimba kuwa kisingizio. Si kila uvimbe wa titi la mjamzito ni maziwa. Uvimbe usioondoka kwa majuma mawili uonyeshwe kwa daktari. Kansa ya matiti ikipatikana wakati wa mimba, upasuaji huwezekana, na dawa kadhaa huweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza bila kumpoteza mtoto.

Sasa turudi Rongo. Kumbuka dada yako alikuwa na maumivu. Wakati ukoo unachanga fedha za kansa, hatari ya kweli ya usiku ule ilikuwa nyingine: mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, ambayo ikipasuka huua kwa saa chache. Kwa hivyo jibu lako katika simu lisiwe "tutachanga". Liwe, "Shemeji, mpeleke hospitali usiku huu huu, mwambie daktari ana mimba, apigwe altrasaundi." Pengine wataona mtoto mahali pake, moyo ukidunda, na kijifuko kidogo kwenye ovari kitakachoisha chenyewe. CA-125 itarudiwa baadaye ikiwa daktari ataona haja. Pengine wataona jambo jingine, nalo litashughulikiwa kungali mapema.

Mjomba naye aambiwe amwache ng'ombe wake malishoni kwanza. Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.